"Vijana hawana morali": HR na nadharia za motisha, safari hii bila kukariri

Kaa na mtu yeyote mwenye biashara hapa Dodoma, awe na lodge Nkuhungu, hardware pale Majengo au mashine ya kukamua alizeti kule Kibaigwa, haipiti nusu saa atakwambia vijana wa siku hizi hawana morali. Na dawa zake anazo tayari mfukoni: ongeza hela kidogo, ita mtu aje ahamasishe, fukuza mmoja ili wengine waogope, au chinja mbuzi Desemba watu wale pilau yaishe. Kila moja huwa inafanya kazi mara moja moja ndo maana haziishi, ila hakuna anayeweza kukueleza kwanini mwaka jana ilifanya kazi na mwaka huu imegoma.

Mi naona kinachotuchanganya ni kwamba chini ya lalamiko hilo moja kuna matatizo matano au sita tofauti kabisa, na kila nadharia ya motisha inayofundishwa vyuoni ilitengenezwa kujibu mojawapo tu. Mwanafunzi anakariri Maslow, Herzberg, McGregor, Adams na Vroom kwa mpangilio wa miaka, kwenye mtihani anamwaga ngazi tano za Maslow anapata B yake, akiingia ofisini hajui ashike ipi aache ipi. Kwaiyo hapa nitazipanga kwa malalamiko, miaka itafuata yenyewe.

Lakini kabla ya motisha kuna HR yenyewe, yani usimamizi wa rasilimali watu, na hapa ndo wengi wanaruka. HR sio yule dada wa kutunza mafaili ya likizo na kuandika barua za kujieleza. Ni kazi nzima ya kujua unahitaji watu wangapi na wa kufanya nini, kuwapata, kuwaelekeza, kuwapima, kuwalipa, kuwakuza, na siku ikifika kuachana nao bila kuburuzana. Ukiharibu mwanzoni, uharibifu unakuja kuonekana mbele na hapo unauita kukosa morali.

Chukulia tajiri mmoja wa alizeti anatafuta fundi. "Kijana, mashine unaijua?" "Naijua tajiri." "Basi njoo kesho." Usaili umeisha. Wiki ya tatu fundi anashusha magunia kwa sababu vibarua hawajaja, Jumamosi anaambiwa apande kirikuu apeleke ndoo za mafuta mjini, usiku alale godauni maana mlinzi kaenda msibani. Mwisho wa mwezi beringi imekufa, mashine imesimama na wakulima wamejaa nje na magunia yao, tajiri anapiga kelele kwamba huyu fundi hajitumi. Muulize sasa, grisi ilikuwa ipakwe kila baada ya muda gani, na nani? Hamna aliyewahi kusema. Fundi alidhani ni kazi ya msaidizi, msaidizi alidhani fundi keshapaka, na tajiri alidhani mtu mzima haambiwi.

Kitu kilichokosekana pale wataalamu wanakiita uchambuzi wa kazi. Unakaa chini unaandika kazi hii inahusu nini, inafanyika kwa vifaa gani, anayeifanya anaripoti kwa nani na tutajuaje kwamba ameifanya vizuri. Kwa fundi wa alizeti kipimo kipo wazi, mashudu yakitoka yamelowa mafuta ina maana hela inatoka nje na mashudu, na mashine ikisimama saa mbili kila siku hiyo nayo inahesabika. Karatasi moja inatosha. Kutoka kwenye karatasi hiyo ndo unapata tangazo la kazi, maswali ya usaili, mafunzo elekezi ya wiki ya kwanza, fomu ya tathmini na hata sababu ya kumlipa huyu zaidi ya yule, yani bila hiyo kila kinachofuata ni kubahatisha, na mtu ambaye hajui kazi yake inaishia wapi huwezi kumdai ari ya kuifanya.

Halafu kuna mambo ya sheria, ambayo kwa bahati mbaya waajiri wengi wanayaona hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, ovataimu ilipwe mara moja na nusu, likizo ya mwaka isipungue siku 28, mama akijifungua ana siku zake 84 za malipo (100 akipata mapacha), na mgonjwa ana siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili na nusu ya pili mshahara nusu. Aliyeachishwa kazi akiona ameonewa ana siku 30 za kufungua lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Nimeyaweka hapa kwa sababu kuna bosi anamruhusu mtu likizo aliyostahili halafu anashangaa mtu karudi hana shukrani, eti "nimempa mwezi mzima kapumzika". Hujampa kitu ndugu yangu, ulikuwa unadaiwa.

Na hapo ndo linaanza lalamiko la kwanza, "nimewaongeza hela, mbona hawajitumi?", na anaingia mwanasaikolojia Frederick Herzberg, ambaye kwangu ndiye wa kuanza naye. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Swali lilikuwa jepesi: nisimulie wakati ulijisikia vizuri sana kazini, halafu nisimulie wakati ulijisikia vibaya sana. Majibu hayakuwa kinyume cha mwenzake kama mtu angetegemea. Waliosimulia mabaya walitaja sera za kampuni, usimamizi mbovu, mshahara, mazingira ya kazi na kugombana na watu. Waliosimulia mazuri walitaja kitu walichokikamilisha, kutambuliwa, kazi yenyewe ilivyokuwa tamu, kupewa jukumu, kupanda. Herzberg akasema kumbe ni mizani mbili. Kundi la kwanza likiwa bovu watu wananuna, ukilirekebisha wanaacha kununa, basi, hawaanzi kujituma kwa sababu hiyo. Kujituma kunatoka kundi la pili.

Soma hiyo tena ukifikiria ofisi unayoijua. Mshahara unatoka tarehe 25 kila mwezi, choo kina maji, kiti hakijavunjika, feni inazunguka mwezi wa kumi na moja Dodoma ikiwa inawaka. Nani anaamka asubuhi na furaha kwa sababu mshahara haujachelewa? Hakuna. Ila uchelewe wiki moja uone. Ndo maana mwenye lodge anaongeza elfu thelathini kwa kila mtu na baada ya miezi miwili vitanda vinatandikwa vile vile, anajiona ametapeliwa. Hajatapeliwa, amenunua ukimya wa manung'uniko, na wenyewe una thamani yake, lakini alidhani ananunua kitu kingine.

Herzberg ana mapungufu na yanajulikana. Wahandisi na wahasibu sio wafagiaji wala wapagazi, na binadamu ukimuuliza mazuri atajisifia mwenyewe, ukimuuliza mabaya atamlaumu bosi, kwaiyo huenda mizani mbili zimetoka kwenye namna watu wanavyosimulia. Pia kwa mtu anayelipwa chini ya mahitaji ya nyumbani kwake nyongeza haiwi kitu cha kuzuia kununa tu. Mei Mosi ya 2025 pale Singida Rais alipotangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kipande kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, shangwe ile ilikuwa ya kweli, mtu anahesabu kodi ya chumba na ada palepale uwanjani. Lakini kama ni chombo cha kutambua ugonjwa bado namchukua Herzberg kabla ya wengine wote: kwanza uliza, hapa watu wananuna au wamelala tu? Ni vitu viwili.

Maslow je? Nitampita haraka maana ametangazwa vya kutosha. Aliandika 1943 kwamba mahitaji ya mtu yana mpangilio, ya mwili, usalama, kupendwa, heshima, halafu kufikia ukamilifu wake, na kwamba hitaji likishatulizwa linaacha kumsukuma mtu. Ile piramidi tunayochora sisi hakuichora yeye, ilikuja baadaye mikononi mwa washauri wa biashara. Na maisha hayapandi ngazi hivyo, kuna mlinzi hapa mjini hajala mchana ila ametoa mchango wa harusi ya mtoto wa jirani kwa sababu heshima yake iko pale. Kinachofaa kubaki naye ni kimoja tu: usimpe mtu cheti wakati anadai nauli.

Sasa lalamiko la pili, ambalo mimi naamini ndo linaua ofisi nyingi kuliko mshahara mdogo: "mbona yule?" Hili ni la John Stacey Adams, miaka ya 1963 na 1965. Anasema mtu hapimi anachopata peke yake, anapima anachopata kwa anachotoa, halafu anaangalia pembeni analinganisha na mwenzake. Akiona mizani haiko sawa atafanya kitu kuirudisha: atapunguza juhudi, atadai zaidi, ataondoka, au atabadilisha wa kujilinganisha naye. Ukikaa na watu wa ofisini hapa mjini utasikia Adams akiongea bila kutajwa jina. Safari za nje ya kituo anaenda nani? Semina ya Arusha yenye posho ya siku tano kachaguliwa nani na kwa kigezo gani? Yule aliyeingia juzi kwa koneksheni yuko daraja gani? Unaweza kukuta wawili mishahara yao inapishana elfu ishirini tu, ila mmoja kaacha kabisa kufanya kazi na anafika kila siku saa moja na nusu, anasaini, anafungua kompyuta, anaangalia. Huyo hajawa mvivu ghafla. Anarudisha mizani kwa njia pekee iliyo mikononi mwake.

Dawa ya hapa haihitaji bajeti kubwa, inahitaji vigezo vya wazi. Bandika ukutani orodha ya nani kasafiri lini na nani anafuata, na sema mapema semina inahitaji mtu wa sifa zipi. Watu wanavumilia kupata kidogo kama wanaona utaratibu uliowafikisha hapo ni wa haki, ila kidogo kilichopatikana kwenye giza hakivumiliki.

Lalamiko la tatu linafanana na hilo lakini sio hilo: "hata nikijituma, itasaidia nini?" Victor Vroom, 1964. Kwake mtu anapiga hesabu tatu kichwani. Nikiongeza juhudi, kazi itatoka kweli? Kazi ikitoka, nitapata nilichoahidiwa? Na hicho nilichoahidiwa, nakitaka? Halafu utamu wa nadharia uko hapa, majibu hayo matatu yanazidishwa, hayajumlishwi, kwaiyo moja likiwa sifuri jibu zima ni sifuri hata kama mengine mawili yamejaa.

Mpime na yule mfanyakazi hodari wa Mei Mosi. Zawadi ipo, cheti kipo, bahasha ipo, picha inapigwa. Lakini ofisi ambayo watu wanajua kwamba uhodari unaenda kwa zamu, mwaka huu masijala, mwakani madereva, halafu uhasibu, hesabu ya pili ni sifuri. Dereva anajua zamu yake itafika hata akitegea, na wa masijala anajua imeshapita. Wanashangilia vizuri tu, wanakula, Jumatatu kazi iko palepale. Sehemu nyingine inakufa hesabu ya kwanza, ofisa maendeleo wa kata anapewa malengo ya kutembelea vikundi vyote vya kata yenye vijiji vya kutupwa kama baadhi ya maeneo ya Chamwino na Mpwapwa, pikipiki haina mafuta, hapo hata umuahidi gari hatajituma kwa sababu anajua haiwezekani. Na ya tatu wanaisahau kabisa mabosi, unampandisha mtu kuwa msimamizi wa zamu wakati yeye alitaka tu Jumapili yake ya kanisani.

Halafu kuna lile ambalo tajiri haoni kabisa kwa sababu linatokea akiwa hayupo. Mhandisi Frederick Taylor, kwenye kitabu chake cha 1911, alisimulia jinsi wapakiaji wa chuma huko Bethlehem, Marekani, walivyotoka tani 12.5 hadi 47 kwa siku kwa kupangiwa kila hatua na mapumziko, na kulipwa dola 1.85 badala ya 1.15. Wanahistoria wameshaitilia mashaka simulizi yake, lakini wazo limebaki: lipa kwa kipande, pima kwa saa, mtu atakimbia. Baadaye yakaja majaribio ya kiwanda cha Western Electric, Hawthorne, nje kidogo ya Chicago, kati ya 1924 na 1932, yale ambayo mtafiti Elton Mayo ndo akawa maarufu nayo. Watu wote wanakumbuka stori ya taa, kwamba uzalishaji ulipanda zikiongezwa mwanga na hata zikipunguzwa, na tafsiri yake imebishaniwa mpaka leo. Mimi chumba kinachonivutia ni kile cha waunganisha nyaya. Wanaume 14, malipo yanategemea uzalishaji wa kundi, kwa hesabu ya Taylor wangekimbia. Hawakukimbia. Walikuwa na kiwango chao cha "kazi ya siku inayotosha", ukizidisha unaitwa majina na unapigwa ngumi ya mkono, ukipunguza sana pia unaandamwa. Waliogopa kwamba wakionyesha uwezo wote bei ya kipande itashushwa.

Huku kwetu ngumi haihitajiki, inatosha "we kiherehere, unataka upewe kampuni?" Kijana mpya anafika na moto wake, wiki mbili tu kashaelewa mwendo wa wenyeji. Kwaiyo ukiona mpya anapoa haraka usimlaumu yeye kwanza, angalia kundi linaogopa nini, mara nyingi kuna siku tajiri aliona magunia yamepakiwa mapema akashusha bei ya gunia, na wale hawajasahau.

Douglas McGregor, 1960, anamgeuzia bosi kioo. Bosi anayeamini watu kwa asili hawapendi kazi atafunga kamera, daftari la mahudhurio, makato ya dakika, na watu watajifunza kumkwepa, naye atasema mnaona, nilijua. McGregor aliiita nadharia X, na ile ya kuamini kwamba mtu anaweza kujisimamia akiona maana ya kazi akaiita Y. Sisemi uchome daftari la mahudhurio. Ila jiulize linakuonyesha nini, maana yule wa Adams niliyemtaja anasaini kila siku.

Upande wa malengo yupo Edwin Locke tangu 1968: lengo mahususi na gumu kiasi linazaa kazi bora kuliko "fanya uwezavyo", mradi mtu amelikubali na anarudishiwa majibu njiani. Utumishi wa umma umelijaribu wazo hilo kwa namna zake, kwanza OPRAS, mfumo wa kumpima mtumishi utendaji wake, iliyoanza 2004 na fomu zake, ambazo zililalamikiwa sana kwamba watu wanazikumbuka wakati wa kupanda daraja ukikaribia, na sasa PEPMIS, mfumo wa kupimana kazi wa kwenye mtandao. Mfumo mzuri hauwezi kufanya kazi ya msimamizi. Kama mkuu wako hasomi ulichojaza wala hasemi hapa umefanya vizuri na hapa rudia, unajaza kwa ajili ya kompyuta.

Nimalizie na posho, kwa sababu Dodoma ni mji wa vikao. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi fumbo la kuunganisha vipande, wengine akawalipa dola moja kwa kila umbo walilotatua, halafu malipo yakaondolewa. Waliokuwa wamelipwa wakawa wanalichezea muda mfupi zaidi wakati wa mapumziko kuliko wenzao ambao hawakuwahi kulipwa. Waliosifiwa kwa maneno hawakupoa hivyo. Baadaye yeye na Richard Ryan wakajenga nadharia nzima kwamba mtu anahitaji kujiona ana hiari, anaiweza kazi, na ana watu. Hili halimhusu mpakia magunia, pale hamna hamu ya ndani ambayo malipo yataiua, mlipe vizuri kwa gunia na usimshushie bei. Linahusu kazi ambazo watu walizianza kwa moyo, kamati za maji, kamati za shule, vikundi. Mradi unakuja, unaweka posho ya kikao, mahudhurio yanapanda, mradi unaondoka, na kamati iliyokuwa ikikutana chini ya mbuyu bila senti sasa haikutani tena.

Kama lazima utoe, itoe kama nauli na chakula, iandikwe hivyo hivyo kwenye karatasi ya kusaini, na kikao chenyewe kiwe na jambo la kuamuliwa na wao. Mtu akipanda gari kutoka Mpunguzi hadi mjini kuja kusomewa taarifa ambayo ingetumwa WhatsApp, kikao kijacho hata nauli umpe mara mbili atamtuma shemeji yake aje amsainie.